Santuri za Ukanda wa Shaba

Fungua spika ya kifahari iliyoundwa Ulaya au Marekani kabla ya mwaka 1978, na mara nyingi utakuta nyuma ya koni yake sumaku nzito ya alumini, nikeli na kobalti. Miaka hiyo hakuna nchi iliyoifikia Zaire, Kongo ya leo, kwa kobalti, na kobalti ya Zaire ilikuwa na kwao: Kolwezi. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliotokea Angola waliingia mjini humo. Siku sita baadaye askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka. Mafundi wa kigeni walikimbizwa, migodi ikasimama, bei ya kobalti ikaruka, na viwanda vya spika, kimoja baada ya kingine, vikahamia sumaku za feriti zisizohitaji madini hayo. Hadi leo wapo wazee wa santuri huko ng'ambo wanaobishana usiku kucha kama spika za kobalti hazikuwa na sauti tamu kuliko zilizokuja baadaye.

Wanaobishana hivyo ni nadra kukumbuka kwamba ardhi hiyohiyo ilitoa pia muziki wa kupigwa kwenye spika hizo. Katika miaka ya 1950 makampu ya wachimbaji wa Katanga, jimbo la Kolwezi wakati huo, yalikuwa miongoni mwa sehemu zenye wapiga gitaa wakali kuliko zote Afrika. Waliimba kwa Kiswahili. Sauti zao zilinaswa kwenye santuri zilizopita Johannesburg, Nairobi, London na Marekani, kisha zikasahaulika, kisha zikafukuliwa upya na wakusanyaji wa mbali. Leo mtu wa Utrecht anaweza kuzipata kwa urahisi kuliko kijana wa Musonoi au Kasulo, Kolwezi.

Ufukuaji wenyewe umekuwa kazi ya kimataifa. Mwaka 2005 lebo ya Numero Group ya Chicago ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za fanki, soli na rege zilizorekodiwa Belize, nchi ndogo iliyo ukingoni mwa Karibi. Mwaka 2007 ikafuatia na zile za Grand Bahama. Nyingi zilikuwa santuri zilizotolewa kwa idadi ndogo, zikauzwa mtaani na kwenye hoteli za watalii, zikaishia kwenye maghala na sebule. Soundway ya Uingereza ilifanya vivyo hivyo kwa visiwa vya Martinique na Guadeloupe mwaka 2009, na kwa Kenya mwaka 2013. Namna ya kufanya kazi ni moja: kutafuta santuri yenyewe au mkanda wa studio, kumtafuta mwimbaji au warithi wake, kuandikiana mkataba, kusafisha sauti, kisha kuandika kijitabu chenye picha na historia. Ukiona mkusanyiko usio na kijitabu wala majina kamili ya wapigaji, una haki ya kuutilia shaka.

Karibi na Katanga haziko mbali kama ramani inavyodai. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri zilizopewa alama za herufi G.V., nyingi zikiwa za Kuba. Ndani yake zilikuwamo nyimbo za Trio Matamoros, watatu wa Santiago de Cuba walioanza kupiga pamoja mwaka 1925 kwa magitaa mawili na sauti zinazopishana. Mfanyakazi wa mgodi aliyepata mshahara, akanunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri mbili tatu, alisikia humo kitu alichokitambua: mdundo uliotoka Afrika kwa merikebu za watumwa na sasa unarudi kwa merikebu za bidhaa. Wapiga gitaa wa Katanga waliusikiliza vizuri sana. Waliongeza nyimbo za makaboi walizosikia kwenye sinema za kampu, wakachanganya na muziki wa kwao, na hawakuomba ruhusa kwa mtu.

Gitaa lenyewe lilifikaje? Hapa inafaa kuitazama Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa 1906. Mwanzoni iliwaleta watu kwa mikataba mifupi na kuwarudisha makwao wakiwa hoi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili sera: mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba, watoto wasome, akae miaka. Wakaja kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Mji wa Kolwezi ulianzishwa 1937 kama makao ya machimbo ya magharibi ya kampuni hiyo. Watu wa lugha nyingi walihitaji lugha moja ya kazini, ya sokoni na ya kutongozana, nayo ikawa Kiswahili. Kulikuwa na mshahara, kulikuwa na Jumamosi jioni, na kulikuwa na reli inayoshuka moja kwa moja hadi Afrika Kusini, ambako kampuni ya Gallo iliuza santuri na magitaa pia. Kwa wanaopenda visa vya pembeni: gitaa alilokuwa nalo John Lennon siku alipokutana na Paul McCartney, Julai 1957, lilikuwa Gallotone Champion, la kampuni hiyohiyo ya Gallo. Gitaa la bei rahisi, la watu wasio na fedha nyingi, Liverpool kama Jadotville.

Jadotville ndiyo Likasi ya leo, mji ulio katikati ya safari ya Lubumbashi na Kolwezi. Mwaka 1952 alipita hapo Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyezaliwa 1903 na aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi. Huko Jadotville alimkuta kijana wa miaka kama ishirini na miwili akipiga gitaa. Jina lake Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya.

Bunkeya iko leo katika wilaya ya Lubudi ya jimbo la Lualaba, jimbo lenye Kolwezi pia, na kwa msomaji wa Tanzania si mahali pageni kabisa. Ilikuwa makao ya Msiri, aliyetoka Unyamwezi katika karne ya 19, akajenga ufalme wa Bayeke juu ya biashara ya shaba, chumvi na pembe za ndovu, akauawa na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji Desemba 1891. Bosco alitoka katika watu hao, na baadaye alipendelea kujiita Mwenda wa Bayeke.

Wimbo alioupiga mbele ya kipaza sauti cha Tracey uliitwa "Masanga". Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Ni mmoja, kwa vidole viwili: gumba linatembeza besi bila kuchoka, kidole cha shahada kinacheza juu yake kwa mahesabu mengine kabisa, na kila mzunguko unaporudi umebadilika kidogo. Mwaka huohuo wimbo ulipewa tuzo ya Osborn kama rekodi bora ya muziki wa Kiafrika. Mwanamuziki na mtafiti David Rycroft aliuchambua noti kwa noti katika makala mbili ndefu za jarida la African Music, 1961 na 1962, heshima ambayo wapiga gitaa wachache sana wa mitaani wamewahi kupewa, Afrika au kwingineko. Gallo nayo ilizisambaza santuri za Bosco kusini, kati na mashariki ya bara.

Hakuwa peke yake. Binamu yake Edouard Masengo alitamba na kikundi cha Jecoke, vijana wa nyimbo na vichekesho wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Alikuwapo pia Losta Abelo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani wa Nairobi, aliwavuta Masengo na Bosco kwenda Kenya, ambako walirekodi, wakapiga redioni na kuuza sauti zao kwa matangazo ya biashara, yakiwemo ya dawa ya Aspro. Kiswahili chao cha kampu kiliwachekesha kidogo watu wa pwani, lakini vidole vyao havikumchekesha yeyote. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa magharibi ya Kenya kilikaa karibu na redio kikijaribu kuiga, mmoja akipiga nyuzi na mwenzake akigonga chupa ya soda. George Mukabi, aliyefariki 1963, alikuwa wa zama hizo, na nyimbo zake zimekusanywa miaka ya karibuni na lebo ndogo ya Olvido ya Marekani.

Bosco alialikwa hadi Newport, Marekani, kwenye tamasha maarufu la muziki wa asili, mwaka 1969. Kisha dunia ikamsahau kwa muda. Muziki wa bendi kubwa za Kinshasa, wenye magitaa ya umeme na tarumbeta, ulikuwa umefunika kila kitu. Mtu mmoja na gitaa kavu alionekana wa kizamani. Yeye aliendelea na maisha, akafanya kazi, akaongoza bendi Lubumbashi, akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati wa Mobutu, akiwatafuta wale aliowasikia kwenye santuri. Aliwakuta, akajifunza miguuni pao, akaandika kitabu, Shaba Diary, kilichochapishwa 1982. Mwaka 1988 Bosco alirekodi tena studio huko Cape Town. Septemba 1990 alifariki kwa ajali ya gari, na rekodi hizo za Cape Town zikatolewa na lebo ya Rounder ya Marekani yeye akiwa kaburini.

Rekodi za 1952 na za safari nyingine ya Tracey katika Katanga, mwaka 1957, ziliokoka kwa sababu moja ya kawaida mno: mtu aliziandika kwenye daftari na kuziweka rafuni. Tracey alianzisha mwaka 1954 Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ILAM, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao sasa unaitwa Makhanda, Afrika Kusini. Mfululizo wake wa Sound of Africa ulifikia santuri ndefu zaidi ya 200, kila wimbo na kadi yake: nani aliimba, wapi, lugha gani, ala gani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Zambia na kufanya makao Uholanzi, alizipitia kanda hizo na kuzitoa upya kwa lebo yake ya SWP. Diski moja ni ya magitaa ya kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia, nyingine ya Wakanyok na Waluba, nyingine ya bendi za dansi za enzi za ukoloni kuanzia Kenya na Tanganyika hadi Kongo ya Wabelgiji. Kwa anayetaka kuanza kusikiliza, pa kuanzia ni hapo.

Rekodi moja ya jirani ilipata bahati ya ajabu zaidi. Huko Kamina, kaskazini ya Kolwezi, padri Mfransisko wa Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda kwaya ya wavulana na walimu. Misa waliyoimba kwa Kilatini na kwa namna za nyimbo za kwao, Missa Luba, ilirekodiwa na Philips mwaka 1958, mwaka ambao kwaya hiyo ilikwenda Brussels kwenye Maonyesho ya Dunia. Miaka kumi baadaye mwongozaji wa filamu Lindsay Anderson aliweka kipande cha "Sanctus" katika filamu yake if...., na vijana wa Uingereza waliogoma kwenda kanisani wakakinunua hadi kikaingia kwenye orodha ya nyimbo zinazouzwa sana. Filamu hiyo inahusu shule ya bweni ya Kiingereza inayoasiwa na wanafunzi wake.

Ni kwa nini basi santuri zenyewe ni adimu Kolwezi? Kwanza, zile za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu mgumu wa wadudu, na huvunjika kama sahani ya udongo. Pili, nyumba hazikukaa. Vita vya 1978 viliacha mji umeporwa. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Watu walilala stesheni wiki na wiki wakingoja treni, na anayeondoka hivyo huchukua sufuria na watoto, gramafoni hubaki. Wakati huohuo Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ilikuwa inaporomoka: mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba ambao katikati ya miaka ya 1980 ulipita tani 400,000 kwa mwaka ulishuka chini ya tani 50,000 katika miaka michache. Mshahara ulipokatika, vitu vya sebuleni viliuzwa. Na baadaye madini yenyewe yakawafuata watu ndani. Mtaani Kasulo, tangu 2014, wakazi walichimba mashimo ya kobalti chini ya sakafu zao, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa ili eneo lizungushiwe ukuta. Ghala la kumbukumbu za muziki halidumu katika nyumba inayochimbwa chumbani.

Wanamuziki wenyewe walihama pia. Ilunga wa Ilunga, maarufu kama Baba Gaston, alitoka Katanga na bendi yake, akapita Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, akafika Nairobi 1975. Mwaka uliofuata baadhi ya vijana wake walijitenga na kuunda Les Mangelepa. Super Mazembe ya Mutonkole Longwa Didos nayo ilipitia Zambia kabla ya kutua Nairobi mwaka 1974. Msikilizaji wa Mombasa au Mwanza aliyekulia kwenye "Shauri Yako" ya Super Mazembe alikuwa anasikiliza, pengine bila kujua, tawi la mti uleule wa ukanda wa shaba. Ndiyo maana mtu akitaka kufukua muziki wa Lualaba leo, mara nyingi anaupata kwa wauza santuri za mitumba wa Nairobi kabla ya kuupata Kolwezi. Safari nyingine ilikwenda mbali zaidi: Ry-Co Jazz, bendi ya Wakongo iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ilizunguka Afrika Magharibi, ikavuka hadi Martinique na kuweka kambi huko miaka kadhaa. Kuba ilikuwa imeikopesha Kongo. Hapo deni lilianza kulipwa papohapo Karibi.

Fanki na soli zilikuja na upepo mwingine. Septemba 1974, wiki chache kabla ya Muhammad Ali kupigana na George Foreman, uwanja wa 20 Mei wa Kinshasa uliwapokea James Brown, Bill Withers, B.B. King, na Celia Cruz wa Kuba akiwa na Fania All Stars. Kanda za wasanii wa Kiafrika waliopanda jukwaa hilo, Franco na Tabu Ley wakiwemo, zilikaa kabatini zaidi ya miaka arobaini hadi zilipotolewa 2017. Mwaka 2024 lebo ya Analog Africa ilitoa mkusanyiko wa fanki ya Kongo, mzuri sana, wenye nyimbo za 1969 hadi 1982. Lakini soma jalada: Kinshasa na Brazzaville. Wafukuaji hufuata mito mikubwa na miji mikuu, kama wanahistoria walivyofanya kabla yao, na Katanga hubaki kipande cha gitaa kavu cha miaka ya hamsini, utadhani watu wa Kolwezi waliacha kupiga muziki mwaka 1960.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikwenda vingine. Zambia, yenye shaba ileile na makampu yaleyale, ilizalisha katika miaka ya 1970 muziki wa gitaa zinazonguruma uliokuja kuitwa Zamrock. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95, na vijana wa Kitwe na Ndola waliolelewa na santuri za Jimi Hendrix na James Brown wakatengeneza wa nyumbani unaofanana na waliosikia. Bendi ya WITCH ndiyo iliyong'ara. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya muongo huo, fedha za kununua santuri zilikwisha. UKIMWI uliwamaliza wapigaji karibu wote. Aliyebaki, mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu Jagari, alikuwa anachimba vito wakati wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walipoanza kuzilipia santuri zake mamia ya dola. Lebo ya Now-Again ya California ilizitoa upya, filamu kuhusu bendi ikaonyeshwa 2019, na mwaka 2023 Jagari akatoa albamu mpya iliyorekodiwa Lusaka. Huyo alipata bahati. Wenzake walisifiwa wakiwa wamekufa.

Hapa ndipo swali la fedha linapouma. Mikataba ya zamani ilikuwa ya malipo ya mara moja. Gallo hiyohiyo ilimlipa Solomon Linda wa Afrika Kusini shilingi kumi kwa "Mbube", wimbo alioimba 1939. Ukazunguka dunia nzima kwa majina mengine, ukawaingizia watu mamilioni, Linda akafa maskini 1962, na familia yake ikafikia mapatano ya kulipwa mwaka 2006 baada ya kesi. Katanga haikuwa tofauti. Lebo nzuri za leo huwatafuta warithi na kugawana nao mapato. Zile mbaya huchukua santuri, huinakili, na kusema mwenyewe hakupatikana. Warithi wengi hawajui hata kwamba wana cha kudai. Kongo ina shirika la haki za watunzi, SOCODA, lakini haliwezi kumdai mtu kwa wimbo ambao hakuna aliyeleta ushahidi wa nani aliutunga.

Zipo dalili kwamba mambo yanaweza kufanywa vizuri zaidi. Ketebul Music ya Nairobi, inayoongozwa na Tabu Osusa, imetoa mikusanyiko kadhaa ya muziki wa zamani wa Kenya, mmoja ukiwa wa fanki, kila mmoja na kitabu chake na filamu yake. Walioufukua ni watu wanaoielewa lugha ya nyimbo na wanaojua ni mlango gani wa kubisha hodi. Ketebul ilishirikiana pia na ILAM kuzirudisha kwa Wakipsigis rekodi ambazo Tracey alizichukua kwao mwaka 1950. Waimbaji waliokuwa wasichana walikuwa wamekuwa mabibi, na wajukuu wakawasikia walivyokuwa.

Kwa Lualaba kazi hiyo ingali mbichi. Kanda za Makhanda zina kadi, lakini kadi iliandikwa na mtu aliyepita siku mbili tatu. Majina ya wapigaji yameandikwa kwa tahajia za kubahatisha, maneno ya nyimbo yamefupishwa kwa sentensi moja, na utani wa kampu, mafumbo kuhusu bosi, majina ya watu wa mtaani, hakuna aliyeyafafanua. Anayeweza kufanya hivyo hayuko Uholanzi. Yuko Manika au Dilala, mitaa ya Kolwezi, ana miaka themanini, na hajaulizwa. Rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwezi Desemba 2021, na sherehe zilikuwa kubwa kando zote mbili za mto Kongo. Gitaa la Katanga linastahili angalau kinasa sauti na mtu wa kuuliza.

Basi, kwa yeyote mwenye sanduku la santuri la babu au la marehemu mjomba, Kolwezi, Likasi, Kitwe, Dar es Salaam au Nairobi: usiliuze kwa kilo. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua na paa la bati. Zile nzito za mizunguko 78 zifute kwa kitambaa kikavu na laini. Usitumie spiriti wala pombe, huyeyusha sheleki. Usizipige kwa sindano ya mashine ya kisasa, kwa kuwa mfereji wake ni mpana zaidi na sindano nyembamba huukwaruza. Piga picha lebo ya kila upande, pamoja na namba ndogo zilizochongwa karibu na kitovu, maana kwa namba hizo mtaalamu hutambua mwaka na studio. Kisha mkalishe mzee karibu, washa simu irekodi, na umuulize nani anaimba, anamwimba nani, na kwa nini watu walicheka. Fanya hivyo mwaka huu.